Walimu wa Madaktari wa Meno na Mpango Wao wa Masomo

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika darasa la jioni la chama



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo wengine wenu watalishangaa. Ni habari ya walimu wa shule za madaktari wa meno, namna wanavyotengeneza mpango wa masomo yao kwa pamoja, na hasa wanavyofanya hivyo siku hizi kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiwa mahali pake. Mtu atauliza, watu wa reli wana shauri gani na walimu wa meno? Tunayo mawili. La kwanza, kila mmoja wetu ana meno, na usiku jino likiuma hakuna anayekumbuka habari ya mshahara, hutafutwa daktari tu. La pili, mwalimu yule ni mfanyakazi kama sisi. Ana saa zake za kazi, ana mkubwa juu yake, na katika vyuo vikuu vya umma vya Kenya walimu wana chama chao, UASU, kilichoandikishwa mwaka 2003 baada ya kukataliwa miaka mingi. Basi kazi anayopewa aifanye usiku nyumbani, kwa kompyuta yake na fedha zake za bando, ni shauri la vyama vya wafanyakazi wote.

Sisi tulisoma shule ya misheni mpaka mwisho wa darasa zake, wala hatusemi kama wenye elimu ya meno. Tumesoma tulichoweza kupata, tumeuliza wanaojua, na mambo ya ratiba twayajua kwa kazi yetu.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Mpango wa masomo, ambao sasa huitwa mtaala, ni zaidi ya orodha ya vitabu. Ni kama ratiba kubwa ya treni. Waeleza mwanafunzi aingie wapi, apite stesheni zipi, asimame muda gani, akutane na nani, na mwisho wa safari awe anaweza kufanya nini kwa mikono yake. Katika ratiba ya treni, kosa la dakika chache mahali pamoja hukutana na treni nyingine stesheni ya sita. Mpango wa masomo una tabia ile ile, ila ajali yake haionekani siku hiyo. Huonekana miaka mitano baadaye, mgonjwa akiwa amefungua kinywa.

Shule ya kwanza duniani iliyofunguliwa kwa kazi ya meno peke yake ni ile ya Baltimore, Marekani, mwaka 1840. Mwaka 1926 bwana mmoja aitwaye William Gies, ambaye hakuwa daktari wa meno bali mwalimu wa kemia ya mwili, alitoa kitabu kikubwa juu ya shule za meno za Marekani na Kanada. Alisema kazi ya meno yastahili kufundishwa katika chuo kikuu kwa heshima ile ile ya udaktari, na neno lake lilibadilisha mambo mengi. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, na masomo yao ni ya miaka mitano.

Sasa tutoe mfano mmoja, tuueleze polepole, maana ndani yake mna shauri lote.

Mgonjwa ana gego la chini limeoza. Daktari ataka kumtia ganzi. Kwa kawaida sindano ile haipigwi kwenye jino lenyewe. Hupigwa nyuma kabisa ya kinywa, karibu na mahali ambapo mshipa wa fahamu wa taya la chini huingia ndani ya mfupa. Akikosa mahali hapo kwa kiasi kidogo tu, taya halishiki ganzi, na mgonjwa huruka kitini. Haya, mambo hayo hufundishwa na nani? Mshipa wenyewe hufundishwa na mwalimu wa viungo vya mwili, mwanzoni kabisa mwa masomo, mara nyingi katika jengo jingine pamoja na wanafunzi wa udaktari wa kawaida. Dawa yenyewe hufundishwa na mwalimu wa madawa. Habari ya mgonjwa mwenye shida ya moyo au presha, mwalimu wa tatu. Namna ya kushika sindano na kuielekeza, mwalimu wa nne, katika kliniki. Na jinsi ya kusema na mtoto anayelia kwa hofu, mwalimu wa tano.

Kila mmoja wao ni hodari katika kazi yake. Lakini yule wa kwanza huenda hajaingia katika kliniki ya meno tangu alipoajiriwa, na yule wa nne hajui wanafunzi waliambiwa nini miaka miwili iliyopita. Basi huyu wa nne hudhani wamekwisha kufundishwa, kumbe hawakufundishwa. Au hudhani hawajui, akarudia yale yale, na saa tatu zapotea. Ninyi mnaofanya kazi na treni mwalijua jambo hili bila kuelezwa. Gadi hudhani dereva ameiona bendera, na dereva hudhani gadi ndiye aliyeiona.

Kwa ajili hiyo wataalamu wa mafundisho walianza kuchora kile wanachokiita ramani ya masomo. Ronald Harden, wa Dundee huko Uskoti, aliandika mwongozo wake juu ya ramani hiyo mwaka 2001, nao umesomwa sana na walimu wa udaktari na wa meno. Ni jedwali kubwa. Upande huu huandikwa mambo ambayo mwanafunzi lazima ayaweze. Upande ule huandikwa kila somo, mwalimu wake, mwezi wake, na mtihani utakaolipima. Jedwali likijazwa kwa ukweli, mashimo huonekana yenyewe, na marudio pia. Lakini nani awezaye kulijaza kwa ukweli? Mkuu wa shule aweza kukaa ofisini siku mbili akalijaza peke yake kutoka katika makabrasha. Atakuwa amejaza yaliyoandikwa. Yanayofundishwa ni mambo mengine, na yanayoshikwa na wanafunzi ni mengine tena. Asimamaye mbele ya darasa ndiye anayejua ya kwamba somo la wiki ya nane halifikiwi kamwe kwa sababu ya mitihani.

Tena mambo ya kazi hii hayasimami. Mathalan kuziba jino. Kwa zaidi ya miaka 150 meno yamezibwa kwa amalgamu, yaani mchanganyiko wa fedha na madini mengine pamoja na zebaki. Zebaki ni sumu kwa maji na samaki, na watu wa mji wa Minamata, Japani, waliteswa nayo vibaya katika karne iliyopita kwa ajili ya taka za kiwanda. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mapatano yenye jina la mji huo, yakaanza kutumika mwaka 2017, na meno yametajwa ndani yake. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliacha amalgamu tangu tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa daktari akiona hakuna budi kwa ajili ya mgonjwa fulani. Mwezi wa Novemba 2025 mataifa ya mapatano yale yalikubaliana kuimaliza kabisa kufikia mwaka 2034.

Angalieni basi neno moja hilo linagusa walimu wangapi. Mwalimu wa vifaa lazima abadili somo lake. Mwalimu wa kliniki lazima afundishe namna nyingine ya kutoboa jino, maana vile vitu vyeupe vinavyoshika kwa gundi havitaki tundu la umbo lile lile, navyo havipendi mate hata kidogo. Mwalimu wa afya ya jamii lazima aseme habari ya bei, maana mgonjwa wa kijijini atauliza. Fundi wa stoo naye lazima aambiwe. Na zebaki iliyomo tayari katika vinywa vya watu haiondoki kwa sheria, kwa hiyo mwanafunzi bado afundishwe kuitoa kwa usalama. Barua moja ya mkuu wa shule haimalizi shauri hilo. Yafaa walimu hao wote waketi pamoja.

Hapo ndipo penye taabu. Walimu wa shule ya meno hawakai pamoja kama watu wa wekshopu moja. Wengine ni wa kazi ya siku zote, wengine wana kliniki zao mjini na huja shuleni asubuhi mbili tu kwa juma, wengine ni wa hospitali, wengine wa vitivo vingine. Mkutano ukiitwa saa nane mchana Jumatano, nusu wana wagonjwa vitini, na mgonjwa aliyekwisha kutiwa ganzi haachwi. Kwa hiyo zamani watu watano au sita ndio waliokuja, nao ndio walioamua, na wengine wakaletewa karatasi.

Intaneti imeleta dawa ya sehemu ya taabu hiyo. Karatasi moja huwekwa mahali ambapo wote waweza kuifungua, kila mtu kwa saa yake. Huyu aandika saa kumi na moja alfajiri, yule aongeza saa tatu usiku. Kila badiliko hubaki na alama ya nani alilifanya na lini, wala hakuna awezaye kusema baadaye kwamba neno fulani halikuwapo. Wengi walijifunza kwa nguvu kutumia vyombo hivi mwaka 2020, wakati wa Korona, shule zilipofungwa. Na shule za meno ziliumia kuliko nyingine, kwa sababu ile mashine ya kutoboa jino hurusha vumbi la maji na mate hewani, na kliniki nyingi zilisimama.

Kuna pia njia ya kuulizana iitwayo Delphi. Ilitungwa Marekani katika miaka ya 1950, katika shirika la RAND, kwa mashauri ya vita, wala hakuna aliyefikiria meno wakati ule. Kila mtu huulizwa kwa maandishi, akiwa mbali na wenzake, bila jina lake kuonekana. Majibu hukusanywa, hurudishwa kwa wote wayaone, kisha waulizwa mara ya pili, na pengine ya tatu, mpaka maneno yakaribiane. Siku hizi hufanywa kwa kompyuta, na shule za meno zimeitumia kuchagua mambo ya lazima katika masomo. Uzuri wake ni huu: mwalimu kijana aliyeajiriwa mwaka jana husema sawa na profesa mwenye mvi, na profesa hajui ni nani aliyempinga. Katika karatasi ile ya wazi yenye majina sivyo. Ni mwalimu gani wa mkataba wa mwaka mmoja atakayefuta sentensi ya mtu atakayeandika barua ya kumwongezea mkataba?

Ulaya wamefanya jambo kubwa zaidi. Umoja wao wa elimu ya meno, ADEE, ulipanga mambo ambayo daktari wa meno wa Ulaya yampasa ayaweze siku anapomaliza masomo, na rasimu zikapelekwa kwa shule zitoe maoni. Andiko la kwanza lilikubaliwa mwaka 2004, likatengenezwa upya mwaka 2009, na lingine likatolewa mwaka 2017. Hili la mwisho lina sehemu nne: tabia njema ya kazi, kliniki iliyo salama, utunzaji unaomweka mgonjwa katikati, na kazi ya meno katika jamii. Ni watu wa lugha nyingi na serikali nyingi, wala andiko hilo si amri juu ya shule yo yote. Kila shule huchukua na kupanga yake. Twaona huo ni mwendo mzuri.

Hata hivyo, ndugu, kompyuta haiiti watu. Tusidanganyike hapo. Mkuu wa shule hupeleka anwani ya karatasi kwa walimu wote Ijumaa jioni, asema maoni yaletwe kabla ya Jumatano, na Jumatano akiona watatu tu ndio walioandika, asema wengine wamekubali. Kunyamaza kwa namna hiyo si kukubali. Labda mtu alikuwa zamu. Labda aliandika mara ya kwanza, mwaka juzi, maneno yake yakapotea bila jibu, naye hana haja ya kuandika tena. Hili la pili ndilo linaloua kazi kuliko yote. Mwalimu aliyetoa shauri lake likakataliwa kwa sababu zilizoelezwa atarudi kesho na shauri lingine. Mwalimu ambaye shauri lake halikujibiwa harudi.

Kwa fikira zetu, shule inayotaka walimu wake washiriki kweli yapasa iwape saa za kazi hiyo katika juma, zilizoandikwa katika ratiba ya kliniki, na kiti cha mgonjwa kifungwe saa hizo. Wa muda walipwe kwa saa hizo kama walipwavyo kwa saa za kufundisha. Kazi ya kupanga masomo ihesabiwe mtu anapofikiriwa kupandishwa cheo, maana leo vyuoni huhesabiwa zaidi maandiko ya utafiti, na mwalimu aliyekaa miezi sita akinyoosha masomo ya wengine hana cha kuonyesha. Na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kujibu: neno lako tumelipokea, tumelitia hapa, au hatukulitia kwa sababu hii.

Wakubwa watasema fedha hakuna. Pengine ni kweli, nasi hatukatai kwamba shule ya meno ni ghali. Kiti kimoja cha mgonjwa na mashine zake chagharimu fedha nyingi. Lakini kazi hiyo yafanywa hata sasa. Swali ni nani anayeilipia, na jibu ni mke na watoto wa mwalimu, wanaomwona ameinama juu ya kompyuta saa nne za usiku.

Kuna wengine ambao hawaitwi kabisa. Wauguzi wa kliniki ya meno wanaona kila siku mwanafunzi gani ameingia bila kujua kusafisha vyombo. Mafundi wanaotengeneza meno ya bandia wanaona vipimo vilivyoletwa vibaya. Maofisa wa afya ya kinywa, wale wanaofundishwa katika chuo cha KMTC, ndio wanaokutana na watu wengi huko wilayani kuliko daktari mwenyewe. Na watu wa kawaida pia wana neno. Wale kati yetu waliopangiwa kazi Nakuru, Gilgil na Naivasha wameona watoto wenye meno ya rangi ya kahawia yenye madoa. Watoto hao huchekwa shuleni kama wachafu, na sabuni na mswaki havisaidii, kwa sababu ni floridi iliyomo katika maji tangu jino lilipokuwa likiumbika. Shirika la Afya Duniani lasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vimepita kipimo hicho. Mama wa Gilgil aliyelea watoto watano hapo angeweza kumwambia mwalimu wa meno mambo kadha wa kadha juu ya maji, kama angeulizwa. Karatasi ya intaneti yaweza kumfikia kwa simu yake, kwa Kiswahili, kwa shilingi chache. Hilo bado twalingoja.

Sasa tuje nyumbani kidogo. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 iliunda baraza, TVET CDACC, la kutengeneza mitaala ya mafundi wa nchi hii kwa kuangalia mtu anaweza kufanya nini. Ni jambo jema. Na kuna njia ya kale kidogo, iliyoanza Kanada katika miaka ya 1960 na kuenezwa na Chuo Kikuu cha Ohio State huko Marekani, iitwayo DACUM. Mafundi hodari 5 mpaka 12 wa kazi moja huketi chumbani pamoja siku mbili, pamoja na mtu wa kuwaongoza, nao husema kazi yao jambo kwa jambo. Kila jambo huandikwa kwenye kadi, kadi hubandikwa ukutani, huhamishwa huku na huku, mpaka kazi yote ya mtu yaonekana ukutani. Msingi wake ni kwamba afanyaye kazi ndiye awezaye kuieleza kuliko mtu mwingine ye yote. Shule za kazi za meno zaweza kuitumia, na reli pia yaweza.

Twasema hivi kwa sababu tumewahi kuletewa mpango wa mafunzo, hatutataja na nani, uliokuwa umekwisha kupigwa chapa na kutiwa sahihi, kisha tukapewa siku nne za kutoa maoni kwa simu. Ndani yake mlikuwa na saa nyingi za vitabu na saa mbili tu za kufunga mabehewa usiku, kazi ambayo imekwisha kuvunja vidole vya watu tunaowajua. Wachache waliandika. Hatukupata jibu mpaka leo. Kwa hiyo tuliposoma habari za walimu wa meno, tuliona mambo yetu wenyewe katika mavazi meupe.

Bwana Mwenyekiti, tungependa mkutano huu uamue mambo mawili kabla watu hawajaondoka. Kwanza, Katibu wa tawi aandike barua kwa ndugu zetu wa chama cha walimu wa vyuo vikuu, aulize kama saa za kupanga masomo zimetajwa katika mapatano yao na matajiri, na kwa maneno gani, ili tuyaone. Pili, kila idara ichague watu wawili wanaoijua kazi, mmoja mzee na mmoja kijana, wawe tayari kuketi siku mbili na kadi zao mpango wa mafunzo yetu utakapofunguliwa tena. Majina yapelekwe kwa Katibu. Walio zamu ya usiku waweza kuyaacha kwa stesheni masta katika bahasha iliyofungwa.

Wenye maswali na waulize.